RUDOLF DIESEL: MTU ALIYECHUKIA MOTO UPOTEE BURE

Hebu simama kando ya barabara kuu ya mji wetu wa Isiolo wakati wa jioni, uyatazame magari yanayopita. Lori limetoka Moyale, limesheheni ng'ombe, na juu ya vyuma tanboi wamejifunga vilemba kukinga upepo. Landkruza za pikapu zinaingia kutoka Merti na Garba Tulla zimejaa watu, magunia na mbuzi. Nyingine imetoka Maua na miraa, nayo haisimami hata kutoa salamu. Magari hayo, mengi yake, yanakunywa dizeli.

Ukimwuliza tanboi yeyote dizeli ni nini, atakujibu mara moja kwamba ni mafuta. Lakini ukimwuliza dizeli ni nani, atadhani umepigwa na jua. Kumbe swali la pili ndilo sahihi! Diesel alikuwa mtu, tena mtu aliyezaliwa, akasoma, akaumia, akatajirika, akafilisika na kufa kifo ambacho watu bado wanakijadili.

Mimi nimeanza kumchunguza mtu huyu kwa sababu ya ubishi. Katika gereji za mji huu vijana hawaishi kubishana: je, pikapu ya dizeli ikifungwa tabo mbili itapanda ule mlima wa kwenda Subuiga na mzigo wake bila kurudisha gia? Wengine huapa kwamba itapaa kama ndege. Wengine husema injini itapasuka kabla ya kufika juu. Nitawajibu wote mwishoni. Lakini wahenga walisema atakaye mvunguni sharti ainame. Tuiname basi, tuanze na mwenye jina.

UTOTO WA MKIMBIZI

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 katika mji wa Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kushona vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Hawakuwa matajiri, na kijana Rudolf alisaidia kupeleka bidhaa kwa wateja.

Jina hilo la Rudolf wazee wa kaskazini walilijua zamani, kwani Ziwa Turkana liliitwa Ziwa Rudolf hadi mwaka 1975. Lakini usichanganye mambo! Huyo wa ziwa alikuwa mwana wa mfalme wa Austria. Huyu wetu alikuwa mwana wa fundi ngozi. Ajabu ni kwamba wote wawili walizaliwa mwaka mmoja.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Familia ya Diesel, hata kama ilikaa Paris miaka mingi, sasa ilihesabiwa kuwa ya adui. Ikalazimika kufungasha na kukimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu, ndipo wazazi walipoamua kumpeleka Rudolf mjini Augsburg, Ujerumani, akaishi kwa jamaa yao aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Sisi tunaoishi kaskazini mwa Kenya tunajua mtoto anayefukuzwa na vita ana sura gani. Basi huyo ndiye mtoto wa Diesel.

SWALI MOJA LA DARASANI

Kule Augsburg kijana alisoma kwa bidii za mchwa. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1875 alipata msaada wa masomo akaingia chuo cha ufundi cha Munich, ingawa wazazi wake wangependelea aanze kazi mara moja alete pesa nyumbani. (Wangapi kati yetu wanaujua ubishi huo?)

Chuoni, mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Siku moja mwalimu huyo alieleza darasani kuhusu injini za mvuke, ambazo wakati huo ndizo zilizoendesha garimoshi, meli na viwanda vya dunia nzima. Kumbe injini hizo zilikuwa walafi wa ajabu! Katika joto lote la makaa yaliyochomwa, asilimia 10 au chini yake ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Lililobaki lote lilipotea hewani. Ni kama mama akusanye kuni mizigo kumi, tisa aitupe mtoni Ewaso Nyiro, halafu apike kwa mzigo mmoja.

Jambo hili lilimwingia Rudolf moyoni likakataa kutoka. Aliandika katika daftari lake kwamba lazima iwepo njia ya kuligeuza joto kuwa kazi bila hasara kubwa hivyo. Wanafunzi wenzake waliandika somo wakafunga daftari. Yeye alibaki na swali miaka mingi.

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimfanya akose mtihani wa mwisho. Hakukaa bure. Alikwenda Winterthur, Uswisi, akafanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, akashika chuma kwa mikono yake. Mwanzoni mwa 1880 aliufanya mtihani huo, akapita kwa alama za juu kabisa. Tafadhali ukumbuke mji huo wa Winterthur na mwaka huo wa 1879, tutaurudia.

MLIPUKO JUU YA MLIPUKO

Baada ya masomo Diesel alirudi Paris kumfanyia kazi mwalimu wake Linde katika biashara ya barafu. Alimwoa Martha Flasche mwaka 1883, wakajaliwa watoto watatu. Mchana alikuwa mtu wa barafu, lakini fikira zake zote zilikuwa kwenye moto. Alijaribu kutengeneza injini ya kutumia mvuke wa amonia. Ikalipuka, ikamwumiza vibaya, akalazwa hospitalini miezi kadhaa.

Mwingine angeacha. Yeye alibadilisha njia. Wewe umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono? Ukisukuma kwa nguvu unasikia chini ya pampu pamoto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alijiuliza: je, hewa ikibanwa sana sana ndani ya silinda, si itapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe? Hapo hakuna haja ya plagi wala cheche. Pistoni inabana hewa, mafuta yanapulizwa ndani, yanashika moto, pistoni inasukumwa. Hilo ndilo wazo lote, na hata leo lori lolote la hapa Isiolo linafanya hivyo hivyo.

Alipata hataza ya Ujerumani kwa wazo hilo, iliyohesabiwa kuanzia mwezi Februari 1892. Mwaka uliofuata kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumjengea injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikaunga mkono. Tarehe 10 Agosti 1893 walijaribu mara ya kwanza. Mafuta yalishika moto, naam, lakini kwa kishindo kilichovunja kipimo cha shinikizo na kurusha vipande. Diesel aliponea chupuchupu. Badala ya kulia, alifurahi: wazo lilikuwa la kweli!

INJINI YAZUNGUKA YENYEWE

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilikuwa ikizungushwa kwa mkanda kutoka mashine nyingine ya kiwanda. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja alitambua ghafla kuwa mkanda umegeuka: sasa injini ndiyo inayouvuta! Hakusema neno. Alivua kofia yake mbele ya Diesel, basi. Injini ilizunguka yenyewe kama dakika moja hivi.

Dakika moja! Miaka miwili ya kazi kwa dakika moja. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mwezi Februari 1897 mtaalamu kutoka Munich, Profesa Schröter, aliipima injini iliyorekebishwa. Ilikuwa ya silinda moja, kimo chake karibu mita 3, na nguvu zake kama za farasi 20. Matokeo yake yaliwashangaza wote: asilimia 26.2 ya joto iligeuka kuwa kazi. Injini ya mvuke iliachwa nyuma mara mbili na zaidi.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Watazamaji wengi hawakujua hata kidogo. Jaribio hilo lilitokana na serikali ya Ufaransa, iliyofikiri kuhusu makoloni yake ya Afrika ambako njugu zilimea kwa wingi. Diesel mwenyewe alipendezwa sana na mafuta ya mimea, na baadaye akaandika kwamba siku moja yangeweza kuwa na umuhimu mkubwa.

Tena alikuwa na ndoto nyingine. Injini za mvuke zilikuwa kubwa na za bei ghali, hivyo matajiri peke yao ndio waliozimiliki. Diesel alitaka fundi mdogo naye awe na nguvu katika karakana yake, asimezwe na kiwanda. Kwa lugha yetu, alitaka jua kali nao wapate. Mwaka 1903 alitoa hata kitabu juu ya wafanyakazi kumiliki kazi yao kwa pamoja. Lakini hakikununuliwa na watu wengi.

UTAJIRI ULIOYEYUKA

Basi bwana, pesa zilimiminika. Makampuni ya nchi nyingi yalilipia haki ya kuunda injini yake. Tajiri wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa marki milioni moja kwa haki za nchi yake. Mtoto wa fundi ngozi akajenga jumba la fahari mjini Munich.

Hapa ndipo pa kuhuzunisha. Mtu huyu ambaye hakuvumilia joto lipotee hata kidogo aliacha pesa zake zipotee kama mvuke. Aliziingiza katika visima vya mafuta na ununuzi wa ardhi, na nyingi hazikurudi. Kesi kuhusu hataza zilimchosha. Injini za kwanza zilizouzwa zilikuwa na kasoro, wateja wakalalamika. Mwaka 1898 afya yake ilivunjika, akahitaji matibabu na mapumziko marefu. Maumivu ya kichwa hayakumwacha.

Nje, jina lake lilizidi kung'aa. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilisafiri bahari kuu kwa injini za dizeli, watu wakashangaa kuona meli kubwa isiyotoa moshi wa makaa. Ndani ya nyumba, madeni yalikuwa yakipanda kimya kimya. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

USIKU WA TAREHE 29 SEPTEMBA

Tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni na wenzake, wakatembea kidogo, wakaagana. Aliomba aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi walipobisha, chumba kilikuwa kitupu, na kitanda hakikulaliwa.

Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vya mfukoni, wakaurudisha mwili majini kama ilivyokuwa desturi yao. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Alikuwa na miaka 55.

Uvumi ulienea kila mahali. Wengine walisema aliuawa na maadui wa biashara, wengine wakasema ni majasusi. Lakini familia ilipofungua vitabu vya hesabu ilikuta madeni makubwa kuliko mali, na waandishi wengi wa maisha yake wanaamini alijitupa mwenyewe. Hatumhukumu. Tunachoona ni kwamba alibeba mzigo mzito peke yake, huku watu waliomzunguka wakimdhania tajiri.

Jambo jingine la kusikitisha: hakuwahi kuona lori la dizeli likifanya kazi barabarani kama tulionavyo sisi. Alijaribu kuifanya injini yake iwe ndogo ya kutosha magari, haikufaulu katika uhai wake. Malori ya kwanza ya dizeli, ya Benz na ya MAN, yalitokea miaka ya 1923 na 1924, yeye ameshakufa miaka kumi.

MTOTO WA WINTERTHUR

Sasa turudi Winterthur kama nilivyoahidi. Mwaka ule ule wa 1879, Diesel alipokuwa akishika nyundo katika mji huo, alizaliwa huko mtoto aitwaye Alfred Büchi. Huyu ndiye aliyeliendeleza swali la Diesel.

Büchi aliona kwamba hata dizeli, pamoja na sifa zake, bado inapoteza. Karibu thuluthi moja ya joto inatoka na moshi kupitia ekzosi. Moshi huo ni moto na una mwendo mkali. Kwa nini usifanyishwe kazi? Mwaka 1905 alipata hataza. Fikiria feni mbili ndogo kwenye shafti moja. Moshi unazungusha feni ya kwanza. Ya pili, kwa kuwa zimeunganishwa, inazunguka pia na kusukuma hewa safi kwa nguvu ndani ya injini. Hiyo ndiyo tabo. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu inaongezeka katika injini ile ile.

Watu walimcheka miaka 20. Mwaka 1925 alifaulu kuongeza nguvu ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40. Meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa tabo zake, na nguvu ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Büchi alifariki mwaka 1959. Leo dizeli kubwa za meli zenye tabo hugeuza karibu nusu ya joto kuwa kazi. Laiti Diesel angeyaona!

NA TABO MBILI JE?

Haya, wale wa gereji njooni karibu. Isiolo iko kwenye kimo cha kama mita 1,100. Ukipanda kupita Subuiga hadi Timau umevuka mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inahema kama mtu mnene ngazini. Tabo inairudishia pumzi. Mpaka hapo mmesema kweli.

Lakini tabo moja ina shida yake. Ikiwa ndogo, inaamka haraka, ila gari likishika kasi inabana pumzi. Ikiwa kubwa, inasukuma hewa nyingi, ila inachelewa kuamka, na dereva anakanyaga mafuta bila jibu. Ndiyo maana wahandisi waliunganisha mbili. Katika injini nyingine zinagawana silinda nusu kwa nusu, kama Landkruza 200 ya dizeli yenye silinda nane iliyotoka mwaka 2007. Katika nyingine ndogo inatangulia na kubwa inapokea, kama pikapu ya Volkswagen Amarok ya mwaka 2010, ambayo injini yake ilikuwa ya lita 2 tu. Tena kuna mpango ambao kubwa inabana hewa kwanza, kisha inamkabidhi mdogo wake aibane mara ya pili.

Hizo zote ziliundwa hivyo kiwandani: pistoni, hedi, upozaji na pampu vilipimwa pamoja. Sasa ile Landkruza ya pikapu tuijuayo sana, yenye injini ya 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, ilitoka kiwandani bila tabo hata moja. Yenyewe tayari inabana hewa zaidi ya mara 22. Ukiirundikia tabo mbili na kuifungulia mafuta, joto litapanda, gaskiti ya hedi itaungua, na pistoni zitayeyuka. Moshi mweusi ambao vijana huushangilia si nguvu. Ni mafuta yaliyokosa hewa, yaani ule upotevu aliouchukia Diesel maisha yake yote.

Jibu langu basi ni hili. Tabo mbili zinafaa injini iliyozaliwa nazo. Injini isiyozaliwa nazo, tabo moja ndogo yenye shinikizo la kiasi, kipoza hewa, kipimo cha joto la moshi na fundi asiye na tamaa vinatosha. Na ukimaliza kupanda mlima usizime gari papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili oili ipoze tabo, ama sivyo oili itaganda na kuungua ndani yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mwanachama mwenzangu, hebu angalia tena lile lori la jioni. Kinu kinachosaga mahindi yetu, genereta ya kisima huko nyikani (ingawa vingine siku hizi vinatumia jua), pikapu inayomkimbiza mgonjwa hospitalini usiku, vyote vina jina la mtoto aliyefukuzwa na vita na ambaye hakuliacha swali la darasani.

Aidha, tujifunze kutokana na anguko lake. Alijua kupima joto hadi nukta ya asilimia, lakini hakupima matumizi yake, wala hakumwambia mtu mzigo ulipomlemea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo tusimwache mwenzetu abebe wake kimya. Mlima wa Subuiga hauwezwi na injini iliyozidishiwa mzigo, hata ikiwa na tabo kumi. Binadamu naye ni vivyo hivyo.